Kilicho Chini ya Mwega

Lungdo, 9 Septemba 1986

Kwa Norphel, nono wangu, mdogo wangu,

Barua hii ikukute unakula na unalala, hata kama huandiki. Sisi tupo. Shayiri imeshaingia ndani, aprikoti zimeanikwa juani na kunguru wanachukua sehemu yao. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji. Ama-le, mama yetu, amebaki na meno mawili na yote mawili anayatumia kunilalamikia. Anasema tangu nifiwe na mume nikarudi kwake, huu mwaka wa tatu, sijajifunza kusuka chai ya siagi ikachanganyika. Nimemwambia siagi siku hizi ni nyepesi. Akasema siagi ni ile ile, mikono ndiyo myepesi.

Sasa jambo lenyewe. Boriti ya jikoni, ile ya upande wa jiko, imeanza kulia. Hailii kila siku. Unakaa, unakunywa chai, unasikia kama mtu anavunja vidole vyake kimoja baada ya kingine. Nilimwita Galdan seremala. Alipanda juu ya sanduku la unga akaingiza ukucha kwenye ufa, ukaingia. Akaingiza bua la shayiri, likaingia. Akaingiza ncha ya kisu chake, halafu akashuka bila kufanya mzaha wowote, na wewe unamjua Galdan.

Anasema paa limekuwa zito. Kila vuli tunapaka tabaka jipya la udongo juu ya la zamani, na hakuna aliyewahi kubandua la zamani. Amehesabu kwenye ukingo, matabaka arobaini na kitu. Na juu ya udongo zipo kuni. Unazijua zile kuni. Za chini kabisa alizipanga babu, baba akaongeza, mimi mwenyewe nimeongeza mafungu mawili ya mierebi. Tunachoma samadi tunakohoa, na kuni tunazitazama. Galdan anataka zishushwe zote kabla ya theluji.

Ama-le hataki. Anasema mtu akipita barabarani akaona paa tupu atauliza nani kafa humu. Nikamwomba basi ahamishe mahali pake pa kukaa, hatua mbili tu kutoka chini ya boriti. Akaniangalia kama niliyemwambia akakae zizini. Mahali pa mwenye nyumba ni kando ya jiko, na hatua mbili kushuka ni mahali pa mgeni wa kawaida. Hapo hapo anakaa, hapo hapo analala. Boriti ikianguka, Norphel, itamwangukia yeye.

Mimi hanisikilizi. Wewe atakusikiliza. Njoo kabla pito la mlimani halijafungwa na theluji.

Dada yako,
Yangzes


Jammu, 2 Oktoba 1986

Ache-le, dada yangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako na harufu ya moshi wa nyumbani ikiwa bado ndani yake. Msalimie Ama-le, msalimie ndama wa doa. Mimi ni mzima. Joto la huku limepungua na mbu hawana habari. Chuoni bado ni mimi yule yule wa kubeba mizani asubuhi na kuirudisha kabatini jioni. Mwaka wa nne huu. Wanafunzi wananiita "bwana maabara", na wakivunja kitu wananiita kwa jina langu.

Habari ya boriti imenikuta kwa bahati ya ajabu, maana juma lile lile Profesa Kaul alikuwa akifundisha jambo hilo hilo, nami nilikuwa mlangoni na kitambaa nikijifanya nafuta vumbi. Elimu yangu yote nimeipata na kitambaa mkononi. Aliweka kitabu juu ya meza akauliza mbona hakianguki. Mmoja akasema, kwa sababu kuna meza. Profesa akasema meza si sababu, meza ni fanicha. Dunia inakivuta kitabu chini, na meza inakisukuma juu, kwa kani ile ile, si zaidi, si pungufu. Ukiweka vitabu viwili inasukuma mara mbili. Ukiondoa vyote inaacha. Kijana mmoja wa Poonch akauliza, "Sasa meza inajuaje isukume kiasi gani?" Wote wakacheka. Profesa hakucheka.

Akaniita. Tukaweka kioo kidogo juu ya meza ile, meza ya mbao nene kama kifua cha fahali, nikawasha taa ili mwanga ugonge kioo na kuruka mpaka ukutani mbali. Akabonyeza meza kwa kidole kimoja. Doa la mwanga kule ukutani likashuka. Akaondoa kidole, likarudi. Meza haijui kitu, Ache-le. Inabonyea. Inabonyea kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na kule kubonyea ndiko kusukuma kwake. Kila kinachobeba kinapinda. Kisipoweza kupinda tena, ndipo kinapovunjika, na hakitoi taarifa.

Kwa hiyo boriti yetu ndivyo ilivyo. Kama Ama-le hataki kuni zishuke, msipoteze maneno. Mwambie Galdan asimamishe mwega, gogo zuri la mpopla, pale pale chini ya ufa, aligonge kwa nyundo mpaka likaze. Hapo boriti itapata wa kusaidiana naye.

Likizo ya vuli sitaipata. Mitihani ya vitendo, na hakuna mwingine anayejua funguo. Zizi likoje siku hizi? Ni kavu?

Nono wako,
Norphel


Lungdo, 24 Oktoba 1986

Norphel,

Tumekwisha kusaga, tumekwisha kupaka udongo wa mwaka huu juu ya paa. Usinipigie kelele, ndivyo inavyofanywa, na theluji ingepita ndani kama tungeacha. Ama-le ana kikohozi cha kawaida. Ndama anakula mkono wa shati langu.

Barua yako nilimsomea Ama-le mara tatu. Ile ya meza kusukuma juu ilimfurahisha, akasema kumbe ulikwenda mbali kujifunza jambo ambalo kila mwanamke mwenye kapu mgongoni analijua. Nami naongeza, mgongo wangu umekuwa ukisukuma juu samadi tangu nina miaka saba na hakuna aliyeuita fizikia.

Mwega umesimama. Galdan alileta mpopla uliokauka miaka mitano, akaukata, akaugonga, na boriti ikanyamaza. Siku nne sasa haijalia. Ama-le alifurahi kwamba kuni zinabaki, lakini mwega wenyewe aliuchukia tangu unaingia mlangoni. Alisema unaziba rafu ya masufuria ya shaba, mgeni akiingia ataona gogo badala ya shaba. Akamtaka Galdan auhamishie upande wa pili, kule kwenye nguzo kubwa.

Galdan akasema, "Ama-le, boriti imepasuka hapa, haijapasuka kule."

"Wewe sogeza tu. Mimi ndiye ninayekaa hapa."

"Ndiyo maana nauweka hapa."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Ama-le akashindwa, na kushindwa si tabia yake. Tangu siku hiyo ameupa mwega mgongo. Umejipatia kalenda na ungo na kitambaa cha baraka, na bado unaonekana kama mtu aliyekuja kudai kitu.

Zizi ni kavu. Mbona unauliza?

Yangzes


Jammu, 12 Novemba 1986

Ache-le,

Natumaini kikohozi cha Ama-le kimepata maji ya moto na asali. Nimewatumia kwa dereva wa lori kilo mbili za sukari na soksi za sufu za kiwandani, ambazo najua mtazicheka. Mimi nina afya. Nimenunua baiskeli kuukuu, haina kengele, kwa hiyo napiga kelele mwenyewe.

Nimefurahi kwamba mwega umesimama. Hata hivyo nimekuwa nikifikiri. Kuni zishusheni tu, angalau nusu, na Ama-le mwambieni mgeni mkubwa anakuja na kwamba mahali pa chini pana zulia jipya. Mdanganyeni. Na mwambie Galdan aweke jiwe pana chini ya mwega, pana kama sinia, ili uzito usiume mahali pamoja.

Profesa Kaul ana neno lake analolirudia mpaka wanafunzi wanaliigiza. Ukiona kitu kimesimama, uliza kimesimama juu ya nini. Ukijibiwa, uliza hicho nacho kimesimama juu ya nini. Usichoke kuuliza mpaka ufike ardhini. Mweleze Galdan aangalie mwega umesimama juu ya nini.

Umeniuliza mbona nauliza habari za zizi. Nauliza tu. Mtu akiwa mbali hukumbuka vitu vya ajabu.

Kuja, sioni itawezekana kabla ya majira ya joto.

Norphel


Jammu, 20 Desemba 1986

Ache-le,

Leo sina salamu ndefu. Soma barua hii peke yako kwanza, halafu umhamishe Ama-le, kisha ndipo unitukane.

Zizini palikuwa na nguzo. Wewe ulikuwa umeshaolewa. Ilikuwa katikati ya kona ile, chini ya jikoni, upande wa jiko, ikibeba dari ya zizi. Majira ya joto ya mwaka nilioondoka, tulimpata yule dzo, maksai wetu wa kulimia, na pembe zake zilikuwa pana mno. Akiingia hawezi kugeuka. Alasiri moja Ama-le akiwa shambani nikaikata ile nguzo kwa msumeno. Nilikuwa na nia ya kusimamisha nyingine hatua moja kushoto. Nia hiyo ninayo mpaka leo. Nikapanga mawe kiasi cha goti, nikajiambia kwa muda tu, na juma lile lile ikaja barua ya kazi ya chuo. Nikaondoka. Dari haikuanguka, na mwaka wa pili haikuanguka, nikaanza kuamini kwamba haikuwa inahitaji nguzo. Juu yake palikuwa na sakafu, zulia na mwanamke mmoja mwembamba.

Sasa juu yake upo mwega, na juu ya mwega lipo paa lote. Nilipoandika neno "mwega" kwenye barua ya Oktoba mkono ulisimama. Nilijua. Nilipaswa kuandika mstari mmoja. Badala yake nikakuuliza kama zizi ni kavu. Mwezi uliofuata nikamtia Profesa mdomoni maneno niliyopaswa kuyasema mimi.

Simamisheni nguzo zizini leo. Hata kabla ya nguzo, mwondoe Ama-le pale.

Wanasema barabara imefungwa na barua zinakwenda kwa ndege mpaka Leh, na kutoka Leh kwa miguu, Mungu akipenda na posta ikipenda. Nimeandika "haraka" pande zote mbili za bahasha.

Norphel


Lungdo, 3 Februari 1987

Norphel,

Naandika kwa haraka. Askari wa likizo anashuka Leh kesho kwa miguu na amekubali kuchukua barua. Tangu Novemba hapajafika kitu kutoka kwako wala kutoka kwa yeyote. Mwaka mpya wetu ulipita. Theluji ya Januari ilikuwa ya kifuani, watu wa juu wamepoteza kondoo.

Galdan anakusalimu. Mke wake anakusalimu. Ng'ombe ni mzima, ila kiuno kimeumia. Ndama hayupo tena.

Mwega umeanguka.

Mimi nipo kwa Galdan kwa sasa. Sukari ilifika, na soksi.

Yangzes


Jammu, 27 Februari 1987

Ache-le,

Barua yako imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa. Umenipa salamu za Galdan, na za mke wa Galdan, na hali ya ng'ombe, mpaka kiuno chake. Umeandika "mimi nipo kwa Galdan". Hukuandika "sisi".

Siwezi kuuliza, na wewe unajua ninachouliza.

Leo Profesa alitaka mizani, nikamletea kioo. Akanitazama, akasema niende nikapumzike.

Je, barua yangu ya Desemba ilifika? Niambie hilo tu. Ilifika lini?

Norphel


Lungdo, 30 Machi 1987

Norphel,

Tarishi amepanda jana kwa mara ya kwanza tangu Novemba, na mfuko mgongoni kama mwanamke wa mavuno. Barua zako mbili nimezipokea kwa mkono mmoja, ya Desemba na ya Februari, zimefungwa kwa uzi mmoja. Nilianza na ya Februari kwa kuwa ilikuwa juu.

Ama-le amefariki. Tarehe ishirini na tisa Januari, kwa Galdan, mchana, watu wakiwemo.

Nitakueleza ilivyokuwa, mara moja, halafu usiniulize tena. Ilikuwa tarehe ishirini, saa nne ya asubuhi. Nilikuwa mtoni navunja barafu. Nilisikia kishindo nikadhani ni theluji ya mlima. Nilipogeuka, juu ya nyumba palikuwa na vumbi, na wakati wa baridi vumbi halipo. Mwega haukuvunjika, Norphel. Ulikuwa mzima kabisa, na jiwe lake pana chini yake. Ulikwenda chini moja kwa moja, sakafu ikapasuka kuuzunguka, ukasimama zizini kama ulivyokuwa umesimama jikoni. Boriti ikaufuata, na udongo na theluji vikaifuata boriti. Ama-le alikuwa mahali pake. Tulimtoa, Galdan na mimi na majirani sita, kwa majembe ya theluji. Alikuwa anaongea. Aliuliza kama masufuria ya shaba yamebonyea.

Alikaa siku tisa. Miguu hakuisikia, kwa hiyo hakuumwa sana, au ndivyo alivyosema. Kwa mke wa Galdan walimpa mahali pa kando ya jiko, pa mwenye nyumba, na akapakubali bila kubisha. Siku ya saba alinishika mkono akaniambia, "Mwambie Norphel boriti ilikuwa kuukuu. Usimwambie kingine. Ana moyo kama wa sungura."

Wenzetu tunaoabudu nao mungu mmoja wa nyumba walishughulikia kila kitu, sisi wa damu hatukugusa, kama inavyotakiwa. Walipouliza kuni za kumchomea, palikuwa na theluji kila mahali na hakuna mwenye kuni za kutosha. Nikawaambia wachukue za kwetu. Watu wa kijiji walisimama wakatazama zinashushwa, na hakuna aliyeuliza nani kafa. Zile za chini kabisa, alizopanga babu, zilikuwa maganda. Wadudu walikwisha kula ndani zamani. Zikiguswa zinakuwa unga. Wakatumia za baba na zangu.

Ama-le alijua kuhusu nguzo. Niliporudi nyumbani miaka mitatu iliyopita nilimwuliza, maana nakumbuka nilikuwa nikifungia mbuzi pale nikiwa mtoto. Alisema panya wameila. Nilishangaa panya gani, nikaacha. Sasa unaelewa kwa nini aligombana na Galdan juu ya rafu ya masufuria.

Kijiji kizima kinajua boriti ilikuwa kuukuu. Ndivyo nilivyosema na ndivyo Galdan anavyosema. Barua yako ya Desemba nimeichoma.

Yangzes


Jammu, 16 Aprili 1987

Ache-le,

Nashukuru umeniambia. Sijui mtu huandika nini baada ya hapo, ila naona watu huandika kuhusu hewa. Hewa ya huku ni nzuri.

Nimekwenda kwenye hekalu dogo la wenzetu nyuma ya stendi, nikawasha taa arobaini na tisa, moja kwa kila siku ya safari ya roho. Lama aliyekuwa pale ni kijana wa Zanskar, akaniuliza marehemu alikufaje. Nikamwambia boriti ilikuwa kuukuu. Neno lilitoka laini kabisa. Ama-le angefurahi.

Lakini kwako sitalitumia. Mimi nilikata nguzo. Mimi niliagiza mwega. Mimi nilijua, na nikauliza kama zizi ni kavu. Siku nzima nawaandalia watoto wa watu vitu vya kuwaonyesha kwamba hakuna kinachobebwa bure, kisha nyumbani kwangu nikamweka mama yangu juu ya hewa. Wewe hukuwa na njia ya kujua. Galdan hakuwa na njia ya kujua. Kwa hiyo uzito huu usiugawe, uache wote ukae kwangu.

Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba Ama-le mwenyewe alikuwa kama ile meza, anabonyea bila kuonekana. Nimelifuta. Ningelisoma kwenye barua ya mtu mwingine ningecheka.

Kuja siji. Barabara ikifunguliwa haitafunguliwa kwa ajili yangu. Siwezi kupita mbele ya nyumba ile, na siwezi kukaa kwa Galdan nikinyweshwa chai ya huruma kwa sababu ya boriti. Nyumba na shamba ni vyako. Nitaandika kwa hakimu wa Leh athibitishe. Usinijibu kama hutaki.

Norphel


Lungdo, 11 Mei 1987

Norphel, nono wangu,

Tumeanza kulima. Dzo ni mzee lakini mstari wake bado umenyooka. Milango ya maji imefunguliwa na zamu yetu ni Jumanne. Nimehama kwa Galdan. Nimesafisha chumba cha chini cha kuhifadhia nafaka, nimeweka jiko pale, nalala pale. Sakafu yake ni udongo wa dunia. Nilipiga chini kwa mguu usiku wa kwanza mpaka ng'ombe akalalamika upande wa pili wa ukuta.

Umeandika sikuwa na njia ya kujua. Nimeishika barua hiyo wiki mbili. Ningeweza kuiacha ilivyo. Ni barua nzuri, inanitoa nje kabisa, na Ama-le ametupa sote neno la kusema. Nimejaribu kuiacha. Nimeshindwa.

Ulipouliza mwezi wa Oktoba kama zizi ni kavu, nilicheka. Miaka minne hukuuliza habari za zizi. Hukuwahi kuuliza hata kama dzo yu hai. Nikachukua taa nikashuka. Nilisogeza yale mawe. Kisiki kiko pale, Norphel, kimekatwa sawasawa, na alama za msumeno juu yake. Panya hawana msumeno. Nikatazama juu nikahesabu hatua, nikapanda, nikahesabu tena jikoni. Mwega ulikuwa umeshasimama siku mbili. Ulikuwa umesimama pale pale.

Kwa hiyo nilijua. Tarehe ishirini na nne Oktoba, nilipokuandikia kwamba zizi ni kavu, na nikakuuliza mbona unauliza, nilikuwa nimekwisha kukiona kisiki kwa macho yangu. Nilitaka uniambie mwenyewe. Nilibebeshwa mume, nikabebeshwa kumzika, nikabebeshwa Ama-le na maneno yake na samadi ya nyumba hii, na wewe uko Jammu unafuta vumbi mlangoni na Ama-le anasema moyo wako ni wa sungura. Nilisema moyoni, mara hii aseme. Mstari mmoja. Aseme ni mimi, nami nitamwita Galdan siku hiyo hiyo.

Ikaja barua ya Novemba, na Profesa wako. Nilimsomea Galdan. Akatazama chini ya mwega akaona jiwe alilokuwa ameliweka, akasema limelala vizuri. Ningeweza kusema, Galdan, shuka zizini. Nilikunja barua.

Halafu Januari, siku sita au saba kabla, nikikamua asubuhi, niliona udongo mgongoni mwa ng'ombe. Kidogo, kama chumvi. Nikaupangusa. Kesho yake tena. Nilijua unatoka wapi. Kila asubuhi nilimpangusa ng'ombe nikasema moyoni, barua ya Norphel ikija leo nitamwamsha Galdan, na isipokuja nitamwamsha kesho. Wakati huo barua yako ilikuwa Leh, kwenye gunia, ina neno lote nililolitaka, na imeandikwa "haraka" pande mbili.

Tarehe ishirini nilimpangusa ng'ombe kisha nikaenda mtoni.

Hilo sijamwambia mtu. Sikulisema kwa lama wala kwa Galdan, na Ama-le akiwa ameshika mkono wangu sikulisema. Aliponiambia nikufiche wewe nilisema ndiyo, naye akafa akidhani mwenye kuhitaji kufichwa ni mmoja.

Kwa hiyo usiniandikie kwamba uzito wote ukae kwako. Hauwezi kukaa kwako, nusu yake imenilalia mimi, na sijui ni nusu ipi. Wala hakimu wa Leh usimsumbue.

Pito linafunguliwa tarehe ishirini na tano, wanasema. Galdan amekwisha kuchonga nguzo mpya ya zizi, ya mpopla, nzuri. Jana aliniuliza aisimamishe wapi. Nimemwambia asubiri, mwenye kujua mahali pake yuko njiani.

Yangzes